Nyumba ya Shela na Kasuku Asiyesahau



Mama zangu, dada zangu na ndugu zangu wasomaji. Baada ya kumshukuru Mola wetu na kumtakia rehema na amani Mtume Muhammad (s.a.w.), niruhusuni wiki hii tuyaweke kando masuala ya twahara na mirathi ambayo huniletea, niwachukue safari fupi ya kwenda Malindi. Si safari ya utalii. Ni safari niifanyayo kila mwezi wa Shawwal, baada ya kumaliza funga za sita, kwenda kumzuru dada yangu mkubwa katika mtaa wa Shela. Niliyoyakuta huko mwaka huu yamenikaa moyoni, na kabla ya kushika kalamu nimeomba idhini ya wenyewe. Wameniruhusu kwa sharti la kutotaja majina, nami nimelishika sharti lao.

Njiani

Niliondoka Mji wa Kale baada ya Swala ya Alfajiri, mvua ya masika ikinyesha manyunyu. Kigari changu ni cha zamani na hakipendi haraka, nami pia umri wa haraka umenipita. Nikavuka Daraja la Nyali, hili lililofunguliwa mwaka 1980, nikapita Kongowea wakati wachuuzi wanashusha magunia, nikapita Bamburi na Mtwapa, hata nikafika Vipingo ambako mkonge umepangwa safu kwa safu mpaka macho yanachoka kuhesabu.

Nilipofika Kilifi nilipunguza mwendo juu ya daraja, kama nifanyavyo kila mara. Vijana wa leo hupita pale kwa dakika moja wasijue kwamba kabla ya mwaka 1991 palikuwa hapana daraja, ila feri. Watu walipanga foleni ng'ambo hii na ng'ambo ile, jua likiwachoma, wakinunua korosho ili kuupitisha muda. Mwaka 1988 dada yangu alivuka maji yale akiwa bibi harusi, amekaa kiti cha nyuma cha Peugeot 504 ya mumewe, buibui lake jipya, macho yamemwiva kwa kulia. Mimi nilikuwa kijana wa madrasa, nimekaa mbele pamoja na dereva ambaye ndiye bwana harusi mwenyewe, kwa kuwa hakumwamini mtu mwingine kuishika gari ile. Feri ilipoyumba, shemeji hakugeuka kumtazama mkewe. Alishuka upesi kutazama kama magurudumu yamewekewa magogo barabara. Dada yangu alinicheka kwa jambo hilo miaka mingi, akisema, "Siku ile ndipo nilipojua kwamba nimeolewa uke wenza, na mwenzangu ana magurudumu manne."

Baada ya Kilifi, msitu wa Arabuko-Sokoke ukawa mkono wangu wa kushoto, kijani kimeiva kwa mvua. Nikaipita njia panda ya Gede, na kabla ya adhuhuri nikaingia Malindi.

Mji na nyumba

Malindi ni mji wa zamani. Wareno walipofika mwaka 1498 waliukuta una mfalme wake, biashara yake na misikiti yake, na nguzo waliyoiacha bado imesimama juu ya mwamba, watalii wakipigiwa picha mbele yake. Lakini kwangu mimi Malindi ni Shela, ule mtaa wa kale ulio karibu na Msikiti wa Juma na makaburi yake ya mnara. Vichochoro ni vyembamba, baraza zimelainika kwa kukaliwa, na bahari iko karibu kiasi cha kusikika usiku. Msimu huu wa mvua maji ya pwani huwa mekundu kwa udongo unaoletwa na Mto Sabaki, na mchanga hubaki na rangi ya kahawia.

Nyumba ya dada yangu ina ua mpana kuliko kawaida ya mtaa ule, kwa sababu marehemu mumewe alikuwa fundi wa magari na alihitaji nafasi. Upande mmoja wa ua kuna mkilifi mkubwa, ule mti ambao wengine huuita mwarobaini. Chini yake imeegeshwa ile Peugeot, imefunikwa turubai. Upande wa pili kuna yasmini za dada yangu, na kando yake kiti cha ukili anachokalia kushona kofia.

Nieleze kidogo juu ya kofia hizo, maana wasomaji wengi wa gazeti hili ni mafundi wa mikono. Dada yangu hushona kofia za vito. Hutoboa vitundu vidogo vidogo, akavizungusha uzi mweupe kimoja baada ya kimoja, na kofia moja humchukua zaidi ya mwezi. Haharakishi. Huniambia, "Ndugu yangu, kila tundu lina tasbihi yake." Alianza kazi hii kama burudani ya jioni, ili awe na lake la kufanya wakati mumewe amezama ndani ya boneti. Basi ikawa ndiyo desturi ya nyumba ile kila Ijumaa baada ya Alasiri: bwana yuko na gari lake, bibi yuko na kofia yake, mtoto anakimbiakimbia katikati, na juu yao wote, ndani ya tundu lililoning'inizwa ukumbini, yuko Dura.

Dura

Dura ni kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu. Aliletwa na dereva wa lori aliyekuwa akipeleka mizigo bara hadi ng'ambo ya mpaka, yapata miaka 25 sasa, wakati ambao watu walipokea zawadi kama hiyo bila kuuliza swali. Ndege hawa si wa pwani yetu. Kwao ni misitu ya Kongo na Afrika Magharibi, na hapa Kenya asili yao ni huko magharibi, katika msitu wa Kakamega, nako wamebaki wachache mno. Huishi miaka mingi, na akitunzwa vizuri huweza kumpita mwenye nyumba.

Mola amempa ndege huyu jambo la ajabu. Hana nyuzi za sauti kama zetu. Sauti yake hutoka chini kabisa ya koo la hewa, pale linapogawanyika kuelekea mapafuni, na kwa kiungo hicho kidogo huigiza mlio wa mlango, simu, paka, na sauti ya mtu hata usiweze kuitofautisha. Dura akipiga chafya hujisemea mwenyewe "Alhamdulillah." Mtu akibisha hodi humjibu "Karibu, vua viatu!" kwa sauti ya dada yangu. Na kila saa kumi za jioni hukohoa mara mbili, kikohozi kizito cha mvutaji sigara aliyeacha, kisha husema, "Bibi, chai yangu bado?"

Hiyo ni sauti ya shemeji yangu. Shemeji yangu amefariki miaka miwili iliyopita.

Mara ya kwanza kuisikia baada ya mazishi, nilisimama nikashika ukuta. Dada yangu hakushtuka. Alikuwa amekwisha kuizoea. Aliniambia, "Usinitazame hivyo. Najua ni ndege. Lakini saa kumi ikifika naweka birika jikoni, na moyo wangu unatulia."

Baada ya msiba Dura alijinyonyoa manyoya ya kifua hadi ngozi ikaonekana. Ndege hawa hawavumilii upweke. Mtu aliyekuwa akizungumza nao akitoweka, huugua kwa huzuni. Dada yangu alimuuguza mwenyewe, akimpa papai, mahindi mabichi na mtama, akimkataza mtu yeyote kumpa parachichi, kwa kuwa kwao ni sumu. Alikaa naye kila jioni akishona. Mjane na ndege walifarijiana, manyoya yakarudi.

Neno jingine

Sasa nifike kwenye jambo lililonitoa Mombasa.

Dada yangu ana mtoto mmoja wa kiume. Miaka minane iliyopita kijana huyo, akiwa na umri wa miaka 20, aliichukua Peugeot ya baba yake bila idhini, akaenda nayo Mambrui pamoja na wenzake. Wakati wa kurudi aliigonga nguzo ya lango. Taa ikavunjika na bawa la mbele likakunjika. Hakuna aliyeumia, alhamdulillah. Lakini baba yake alikuwa ameing'arisha gari ile kwa mikono yake kwa takriban miaka 30. Alijua sauti ya kila boriti yake. Alipenda kusimulia jinsi 504 ilivyoshinda mashindano ya Safari mwaka 1975, kana kwamba aliyeshinda ni yeye. Hasira ikampanda. Kijana naye hakunyamaza. Magomvi yakaendelea siku tatu, na siku ya tatu baba alisimama ukumbini, chini ya tundu la kasuku, akasema kwa sauti iliyofika mtaa wa pili: "Toka! Usirudi kwangu!"

Kijana alitoka. Akakaa kwa rafiki yake mjini, kisha akapata kazi ya udereva Doha, akaenda zake.

Wanaofuga kasuku wanajua kwamba maneno anayoyashika upesi ni yale yanayotamkwa kwa hisia kali. Salamu utamfundisha miezi; tusi analidaka mara moja. Dura alilidaka neno lile.

Shemeji yangu alipofariki ghafla baada ya Swala ya Isha, tulimzika asubuhi yake, kama ilivyo sunna yetu ya kutomchelewesha maiti. Kijana alifika siku ya tatu, macho yamemvimba, begi moja mkononi. Alipoingia ukumbini, kabla mama yake hajafika kumkumbatia, ndege alimtazama kwa jicho moja, akasema kwa sauti ya baba yake: "Toka! Usirudi kwangu!"

Alitoka. Hakulala nyumbani hata usiku mmoja. Baada ya wiki alirudi Doha.

Mwaka huu, mwezi 3 Shawwal, alikuja tena, ana likizo ya mwezi mmoja. Dada yangu alinipigia simu. "Mwanangu yuko hapa lakini hakai. Anakula barazani kama mgeni. Ameniambia nichague: ama Dura aondoke, ama yeye asije tena. Nami sauti ya mume wangu siwezi kuitoa nje ya nyumba. Wewe ndiye sheikh. Njoo uamue."

Ukumbini

Nilipofika nilimkuta mpwa wangu ameketi juu ya baraza ya nje, mgongo wake umeelekea mlangoni. Akaniamkia, "Shikamoo mjomba," akanibusu mkono. Amekuwa mtu mzima, ndevu zimejaa, na ana mabega ya baba yake. Tulizungumza juu ya Doha, juu ya joto, juu ya bei ya tiketi. Hakuna aliyetaja kilichotukutanisha.

Ndani, dada yangu alinipa chai ya tangawizi na mahamri, akangoja. Nikaanza kama tunavyoanza watu wa madrasa, kwa dalili. Nikawaambia kwamba kufuga ndege si haramu kwa mwenye kumlisha na kumhurumia. Wanazuoni wetu wamelitoa hilo katika khabari ya mtoto Abu Umayr, mdogo wake Anas bin Malik, aliyekuwa na kijindege cha kuchezea. Mtume (s.a.w.) hakumkataza, bali kijindege kilipokufa alimliwaza kwa kumuuliza habari zake. Nikawakumbusha pia khabari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila chakula. Kwa hiyo aliyeshika kiumbe ameshika amana.

Nikaongeza la serikali, maana dini haitufundishi kupuuza sheria ya nchi. Kasuku wa kijivu wamewindwa na kuuzwa hata wakapungua sana, na mwaka 2016 mataifa yaliyokutana Johannesburg yalikubaliana kuzuia biashara ya kimataifa ya wale wanaokamatwa porini. Hapa kwetu, kwa sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013, huwezi kumweka nyumbani bila kibali. Dada yangu akainama. Alikuwa hajui, au alikuwa hataki kujua. Nikamwambia, "Kibali tutakwenda kukiomba wenyewe kabla hatujaulizwa. Hilo ni jepesi kuliko unavyodhani. Lililo zito ni hili jingine."

Na hapo maneno yangu yakaisha. Kwa miaka 30 nimewasuluhisha watu, lakini sikuwa na dalili ya kumwambia mjane aitoe sauti ya mumewe, wala ya kumwambia kijana aendelee kufukuzwa na baba aliye kaburini.

Ndipo kasuku akaondoa utando. Alijinyoosha bawa, akasema kwa sauti ambayo sikuitambua mara moja, sauti ya mtu mpole, mwenye kuvuta maneno: "Tutaona, inshallah. Tutaona."

Dada yangu akatazama chini. Nikauliza, "Huyo ni nani?"

Akanijibu taratibu, "Ni wewe, ndugu yangu."

Wasomaji wangu, naandika haya kwa haya. Katika miaka sita iliyopita kati ya kufukuzwa kwa kijana na kifo cha baba yake, kila nilipokwenda Shela dada yangu alinisihi nizungumze na mumewe. Na kila mara, nimekaa kwenye kiti kilekile chini ya tundu lilelile, nilimjibu maneno hayo. Ramadhani ipite kwanza. Hasira zipoe. Nina darsa Lamu. Tutaona, inshallah. Jina la Mola, ambalo tumefundishwa kulitaja kwa azma ya kutenda, mimi nililifanya pazia la kuahirishia. Mimi ndiye niliyekuwa nikisimama juu ya mimbari nikiwafundisha watu kwamba haifai Muislamu kumhama nduguye zaidi ya siku tatu.

Sikuwa na la kusema. Nilitoka uani.

Chini ya mkilifi

Mpwa wangu alikuwa ameingia kwa mlango wa nyuma, labda kwa kunisikia nimenyamaza. Alikuwa ameinua turubai na kulitazama bawa la gari. Baba yake hakuwa amelitengeneza. Taa aliibadilisha, lakini bawa aliliacha limekunjwa vilevile.

"Mbona hakulinyoosha?" aliuliza. "Ni kazi ya siku moja kwake."

"Sijui," nilimwambia. Na kweli sikujua.

Akafungua boneti. Fundi ni fundi hata akiwa na huzuni. Mikono yake ilianza kwenda yenyewe. Alitoa betri, imekufa, akaenda kuazima ya jirani. Alimwaga petroli iliyochacha, akaifungua kabureta na kuisafisha, maana petroli ikikaa muda mrefu huganda kama gundi na kuziba vitundu. Akapiga msasa pointi, akafuta plagi moja moja, akajaza magurudumu upepo. Nilimshikia tochi. Mvua ilikuwa imekatika na matone yalituangukia kutoka kwenye majani. Ikaadhiniwa Alasiri, tukaenda msikitini, tukarudi. Ilikuwa Ijumaa.

Yapata saa kumi na moja alikaa kwenye usukani akapiga stati. Gari ilikohoa ikazima. Akapiga tena. Mara ya nne ikawaka, moshi ukajaa ua mzima, kisha mngurumo ukatulia, ule mngurumo wa chini ninaoukumbuka tangu kwenye feri ya Kilifi. Dada yangu akatoka mlangoni, kofia na sindano mkononi. Kijana, bila kufikiri, akabonyeza honi mara moja, fupi, kama alivyokuwa akifanya baba yake kumwita kila Ijumaa alipokuwa mdogo.

Na kutoka ukumbini, kwa sauti ya marehemu, isiyo na hasira hata chembe, tukasikia: "Kijana kaja?"

Hakuna aliyesogea. Gari ikiendelea kunguruma, ndege akarudia: "Bibi, kijana kaja?"

Dada yangu akaketi chini pale pale kizingitini.

Niliyoyajua baadaye ni haya, na ameyaeleza yeye mwenyewe, mtu mzima mwenye akili zake. Baada ya kijana kuondoka, marehemu hakuacha desturi yake ya Ijumaa. Aliwasha gari, akaiacha ipate moto, akapiga honi mara moja. Kisha alisimama pale chini ya tundu akauliza kuelekea jikoni, "Kijana kaja?" Naye alimjibu, "Bado." Ijumaa baada ya Ijumaa, miaka sita. Kupiga simu hakuweza. Kiburi cha wanaume tunakijua. Na alimuapisha mkewe asimwambie mtoto, akisema kijana akirudi na arudi kwa hiari yake. Alipokufa, dada yangu aliona kiapo bado kiko shingoni mwake. Tena alihofia kwamba kumwambia sasa ni kumwongezea majuto juu ya msiba. Kwa hiyo alinyamaza, akashona kofia. Na kwa kuwa gari haikuwashwa tena tangu siku ya mauti, ndege naye hakupata la kumkumbusha. Neno la hasira lilisikika kila alipomwona kijana. Neno la kutamani lilikuwa limefungiwa ndani ya mlio wa injini.

Mpwa wangu alizima gari. Alikaa muda mrefu ameegemeza paji la uso juu ya usukani. Kisha akashuka, akapita mlango wa mbele, akaingia ukumbini. Dura alimtazama kwa jicho moja, akasema kama kawaida yake, "Toka! Usirudi kwangu!" Kijana akavuta kiti cha baba yake, akaketi chini ya tundu.

"Bibi mkubwa," alimwambia mama yake, sauti inamtetema, "chai yangu bado?"

Tuliyojifunza

Nina mambo matatu ya kuwaambia, kisha niwaache.

La kwanza, mtu asinielewe vibaya. Maiti hazungumzi kwa mdomo wa kasuku. Ndege yule hajui maana ya alitamkalo, hana thawabu kwa "Alhamdulillah" yake wala dhambi kwa kufukuza watu. Msije mkafanya khurafa ya kwenda kutafuta ujumbe wa wafu kwenye matundu. Kilichotuthibitishia jambo hili ni ushahidi wa mke aliyesikia kwa masikio yake. Kasuku alikuwa ukuta tu uliorudisha sauti. Lakini zingatieni: ikiwa kiumbe kidogo kama kile kimehifadhi tuliyoyasema kwa hasira, kwa mapenzi na kwa uvivu, itakuwaje kwa daftari la malaika, ambao tunasoma khabari zao katika Suratu Qaf?

La pili ni kwenu mama zangu. Siri ya mume ni amana, na dada yangu aliitunza kwa nia njema. Lakini kusuluhisha baina ya watu kuna fadhila kubwa hata likaruhusiwa ndani yake neno ambalo penginepo lisingeruhusiwa. Ukipewa siri ya namna hii, neno jema la mzazi juu ya mwanawe, usiifiche. Nenda kwa mwanachuoni akueleze njia ya kutoka katika kiapo, kafara yake ikiwa ipo, kisha lifikishe neno hilo lingali na mtu wa kulijibu.

La tatu ni kwangu na kwa wenzangu tunaoitwa kusuluhisha. Tukiitwa, twendeni.

Dura bado yuko Shela, na ombi la kibali limekwisha kupelekwa. Tumeshauriana kwamba akisema neno la kufukuza, asijibiwe wala asitazamwe, na akisema jema apewe karanga moja isiyo na chumvi, kwa kuwa ndege hushikilia lile linalomletea watu karibu. Huenda lile baya likafifia, huenda lisififie. Mpwa wangu ameongeza wiki mbili za likizo. Bawa la Peugeot hakulinyoosha, ameliacha kama baba yake alivyoliacha.

Siku ya kuondoka kwangu, baada ya kuzuru kaburi, nilipita ukumbini kuchukua fimbo yangu. Dura akanitazama, akaniambia kwa sauti yangu mwenyewe, "Tutaona, inshallah."

Nilipofika Kilifi niliegesha gari kando ya barabara kabla ya daraja. Kuna familia mbili Mombasa zilizoniomba mwezi wa Rajabu nikae nao juu ya ugomvi wa ndugu, nami niliwaambia maneno hayohayo. Niliwapigia simu palepale, nikawapa siku na saa.

Tumuombe Mola azilainishe nyoyo zetu, aziunganishe nyumba zetu, awarehemu wazazi wetu waliotangulia na wale waliokufa wakingoja. Amin.

Wabillahi tawfiq.